Mwezi wa Mama, Mwezi wa Baba

Hebu mwone akija. Ukumbi wa hekalu umejaa, viti vyekundu vya plastiki vimepangwa mpaka mlangoni, na mkutano wa chama umeshaanza. Anaingia mwanamke mfupi wa miaka sitini na ushee, kandambili miguuni, kizibao cha chama amekifunga upande, na vidole vyake vyeusi tititi. Si uchafu. Ni dawa ya nywele, maana amemwacha mteja saluni na rangi kichwani, akamwambia atulie kama kuku aatamiaye, yeye atarudi sasa hivi. Haombi radhi kwa kuchelewa. Anapita katikati ya watu, anawagusa mabega wale anaowajua, na anawajua karibu wote, kisha anaketi mstari wa mbele kabisa, pale ambapo wenzake wote wamepakwepa.

Huyo ndiye Kang Siutho. Sisi wa Kangbue, kusini hapa mwa Taiwan, tunamwita Dada Tho, na wadogo wanamwita Shangazi. Saluni yake iko mwisho wa uchochoro, hatua chache kutoka kwenye mtaro, na hakuna mwanamke wa upande ule ambaye kichwa chake hakijapita mikononi mwake. Kwake unaoshwa umekaa wima, unatazama kioo, povu limesimama juu kama kilemba, na mdomo wako uko huru. Ndiyo maana habari za uchochoro huanzia pale.

Chama chetu kina mtu wake katika kila uchochoro, na mtu huyo tunamwita nguzo. Nguzo hapati mshahara. Anajua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani anahitaji kupelekwa kituoni siku ya kura. Mume wa Siutho alikuwa nguzo, na alipofariki, kizibao hakikukaa msumarini hata mwezi. Siutho alikipunguza mabegani, akakivaa.

Sasa nisikilize kidogo, kwa sababu bila hili huwezi kuelewa ugomvi wenyewe. Eneo letu linachagua madiwani watano kwa mpigo, na kila mtu ana kura moja tu. Chama kikiwa na wagombea wawili, wanasimama pamoja jukwaani, wanashikana mikono na kuiinua juu, lakini wanakula sahani moja. Ukimjazia mmoja kura mpaka zikamwagika, zilizomwagika hazimfai mwenzake. Zimepotea kama maji ya mtaroni. Yalishatukuta. Kulikuwa na daktari mmoja tuliyempenda mno, tukamkimbilia sote, akapata kura za kutosha watu wawili, na mwenziwe akaachwa nje. Tangu siku hiyo chama kinagawa kura. Kinagawa kwa mwezi wa kuzaliwa: wa miezi hii mpigieni huyu, wa miezi ile mpigieni yule. Watu wakakubali, na Siutho mwenyewe ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwafundisha wazee. Kwa hiyo usimdhanie kuwa ni mtu wa kupinga kwa sababu tu anapenda kupinga.

Wagombea wetu safari hii walikuwa Yap Lanhiong, namba nne, na Tin Kokpin, namba saba.

Lanhiong ni binti wa muuza samaki. Tufani ya mwaka juzi ilipoujaza mtaro, maji yakaingia majumbani mpaka kwenye godoro, na yeye ndiye diwani aliyeonekana. Alikuja na buti za baba yake, akamtoa Bibi Kuan, jirani yetu mzee kuliko wote, akiwa amembeba mgongoni kama gunia la mchele. Baada ya hapo akapigania pampu ya maji iwekwe mwisho wa uchochoro. Nyumba ya pampu ilishajengwa, saruji imekauka, ila ndani hakuna mashine. Fedha za mashine zilikuwa zinangoja kupitishwa na baraza jipya. Lanhiong akirudi barazani, pampu ina msemaji. Akianguka, ile nyumba tutafugia bata.

Kokpin ni mpwa wa mwenyekiti wa chama wa wilaya. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana tabasamu zuri na anakumbuka majina. Lakini tufani alikuwa anaisikia redioni, na alipoulizwa habari ya pampu alisema kila jambo lina zamu yake.

Basi, pale hekaluni, Katibu Phua akasimama kutangaza mgao. Katibu ni mtu wa adabu, mwenye miwani, anayesema taratibu kama daktari anayekusomea majibu ya vipimo. Akasema waliozaliwa Januari, Februari na Machi ni wa Lanhiong. Aprili mpaka Desemba, wote ni wa Kokpin.

Miezi mitatu kwa tisa. Katibu akaeleza kuwa chama kimefanya utafiti, Lanhiong anapendwa, watu watampigia hata wasipoambiwa. Lanhiong yuko salama. Anayehitaji kusaidiwa ni Kokpin.

Siutho akainua mkono wake mweusi.

"Katibu, mwezi wa kuzaliwa upi?"

"Ule uliozaliwa, Dada Tho."

"Hapo nimekusikia. Nauliza wa mama au wa baba?"

Bibi mmoja nyuma akacheka kwa pua, kisha wazee wote wakacheka, kwa sababu walijua. Watu wa umri wao wana siku mbili za kuzaliwa. Ya kwanza ni ya mama: mama anakumbuka kwa hesabu ya mwandamo wa mwezi, kwa sikukuu iliyokuwa karibu, kwa chakula kilichokuwa jikoni. Ya pili ni ya baba: siku baba alipopata nafasi ya kwenda ofisi ya serikali kuandikisha mtoto. Baba alingoja miwa ikatwe. Au alingoja aone kama mtoto ataishi. Akifika ofisini karani anamuuliza amezaliwa lini, naye, kuogopa faini ya kuchelewa, anasema, "Jana." Na hiyo jana ndiyo iliyoandikwa kwenye kitambulisho mpaka leo.

Katibu akasema chama kinafuata kitambulisho. Siutho akasema basi chama kinafuata uongo wa baba zetu, Mungu awarehemu, maana hata Mama, mungu wa hekalu hili, tunamfanyia sherehe mwezi wa tatu kwa mwandamo, na hajawahi kudaiwa kitambulisho.

"Dada Tho," Katibu akasema, bado taratibu, "cha kwako wewe kinasema Januari. Lanhiong ni wako. Umepata unachotaka. Sasa unalalamikia nini?"

"Mimi umenishibisha. Uchochoro wangu umeupa nini?"

"Lanhiong yuko salama, nimeshasema."

"Hilo neno salama limezamisha watu wengi kuliko tufani. Mtu wa kwanza kufa kijijini ni yule ambaye kila mtu anadhani hawezi kuugua."

Katibu akavua miwani, akaifuta. Akasema chama si mkahawa ambapo kila mtu anaagiza apendacho.

"Na mimi si mhudumu," Siutho akajibu, "wa kupelekea watu sahani ambayo sijaionja."

Alikuwa amepewa furushi la kadi za kugawa, kadi nzuri, zina miezi na namba. Akaliweka juu ya kiti alichokalia, akalitazama kama mtu anayehakikisha mtoto amelala, akatoka. Mteja wake alikuwa anangoja, na rangi haingoji siasa.

Wahenga husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kesho yake saluni ilijaa. Wanawake ambao nywele zao zilikuwa safi kabisa walikuja kuoshwa. Kila mmoja alitaka kujua sasa itakuwaje, na wengi walikuwa wameshaamua: uchochoro mzima, mzee kwa kijana, namba nne. Wakomeshwe. Mke wa fundi pikipiki akasema yeye kazaliwa Agosti kwa mama na Agosti kwa baba, na bado atampigia Lanhiong, aje mtu amfunge.

Aliyekataa alikuwa Bibi Kuan. Ndiyo, yule yule aliyebebwa mgongoni. Alikuwa kiti cha kati, povu limemfika masikioni, akamtazama Siutho kwenye kioo.

"Lanhiong amenibeba siku moja," akasema, "chama kimenibeba miaka arobaini. Mnataka kumkimbilia wote, si ndiyo? Mmemsahau daktari? Tulimpenda hivyo hivyo. Mwanangu Tho, ulikuja mlangoni kwangu na matope miguuni, ukaniambia, Bibi, upendo usiogawanywa ni uchoyo. Uliniambia wewe. Au ilikuwa dada yako?"

Watu wakacheka, lakini Siutho hakucheka. Vidole vyake viliendelea kuzunguka kwenye povu, polepole, mpaka Bibi Kuan akasema anamchubua. Bibi alikuwa amesema kweli. Uchochoro wote ukimwagikia Lanhiong, na vichochoro vingine vikafanya hivyo kwa hasira ile ile, Kokpin anaanguka na kiti kinakwenda kwa wapinzani. Na Katibu akifuatwa kama alivyosema, anayeanguka ni Lanhiong. Kila mlango una nyoka nyuma yake.

Mtu akapendekeza wakamuulize Mama wa hekalu, warushe vile vipande viwili vya mbao vya kupigia ramli waone jibu. Siutho akasema wamwache apumzike, hakugombea yeye.

Kisha akazima kikausha nywele kilichokuwa kikivuma kwenye kiti cha pembeni, ili kila mtu asikie.

"Tutagawana. Mgao siukatai mimi, ninachokataa ni kupunjwa. Nusu kwa nusu. Na si kwa karatasi ya baba. Mwezi wa mama. Miezi sita ya kwanza kwa mwandamo, namba nne. Miezi sita ya mwisho, namba saba. Asiyejua mwezi wa mama yake aje nimuulizie kwa shangazi zake."

Pakawa na minong'ono. Mke wa fundi pikipiki akanuna, kwa sababu Agosti yake ilimtupa nusu ya pili. Wengine wakaanza kuhesabu kwa vidole: mimi nilizaliwa kabla ya sherehe ya mashua, mimi wakati wa kupanda mpunga. Ikaonekana zinakaribiana, nusu huku, nusu kule, kana kwamba mama zetu walikaa kikao wakapanga.

Ndipo Bibi Kuan akasema tena, sasa kwa upole.

"Na wewe, Tho? Mama yako alishikwa na uchungu akimenya balungi la sikukuu ya mbalamwezi. Mimi ndiye niliyemaliza kulimenya."

Mbalamwezi ni mwezi wa nane. Nusu ya pili.

Nadhani hakuwa amefikiria. Alikuwa ameshughulika na haki ya uchochoro mpaka akajisahau mwenyewe. Kwa mgao wa Katibu, ule alioutupa juu ya kiti, kura yake ilikuwa ya Lanhiong bila swali. Kwa mgao wake mwenyewe alitakiwa kumpa Kokpin. Saluni nzima ilimtazama kwenye kioo, na yeye akajitazama.

"Kichwa kikishalowa povu," akasema mwisho, "hakiwezi kurudishwa kikavu. Mwezi wa nane. Namba saba." Akachukua bomba akaanza kumsuuza Bibi Kuan, na maji yalikuwa ya baridi kuliko kawaida.

Habari zikamfikia Katibu. Hazikosi kufika. Wiki ya mwisho, magari ya matangazo yakipita na vipaza sauti, kila mgombea akilia kuwa yuko hatarini aokolewe, Katibu Phua akaja saluni mwenyewe. Viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kile cha kuoshea. Akasita. Siutho akamfunga taulo shingoni kabla hajamaliza kusita, akammiminia sabuni kichwani, na katibu wa chama wa wilaya akawa ameketi wima mbele ya wanawake wa Kangbue, bila miwani, na kilemba cha povu.

Alizungumza macho yamefumbwa. Alisema anamheshimu marehemu mume wake. Alisema ukivunja uzio mahali pamoja, mbuzi wote watapita hapo hapo. Tayari vichochoro viwili vimeanza kuulizana mwezi wa mama. Siutho akamjibu kuwa uzio haukuvunjwa na mbuzi, ulivunjwa na aliyejenga zizi moja kama uwanja na jingine kama tundu la kuku.

"Kokpin akikosa kwa kura chache," Katibu akasema, "itakuwa juu ya kichwa chako."

"Kichwa kilicho mikononi mwangu sasa hivi ni chako, Katibu."

Wanawake waliinamia magazeti yao. Katibu akafumbua jicho moja, povu likamwingia, akalifumba.

"Nitakisuuza vizuri, usiogope," Siutho akaendelea. "Lakini hiki cha kwangu naosha mwenyewe. Kamwambie mwenyekiti kwamba nusu ya uchochoro huu inampigia mpwa wake, na inampigia kwa hiari. Kwa zile kadi zako asingepata hata paka."

Akamsuuza, akamkausha, akamchana nywele kuelekea nyuma, na ukweli ni kwamba alitoka amependeza.

Siku ya kura palikuwa na jua. Siutho alifunga saluni, akavaa kizibao, kisha akakumbuka sheria ya kutovaa nguo za chama kituoni na kukivua mlangoni pa shule ya kupigia kura, akakining'iniza kwenye baiskeli. Aliwasindikiza wazee mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika aliingia nyuma ya pazia, na alikaa humo muda mrefu kuliko mtu anayekwenda kugonga muhuri mmoja mahali pamoja. Alipotoka alikuwa anajifuta wino kidoleni na uso wake hukuweza kuusoma.

Jioni tulikwenda kutazama hesabu. Kwetu kura inahesabiwa hadharani, darasani pale pale. Mtu anainua karatasi juu ili wote waone, anaita namba, na mwingine anachora mstari kwenye karatasi kubwa ukutani, mistari mitano mitano. Namba nne. Namba saba. Namba saba. Namba nne. Zilipanda pamoja kama watoto mapacha wanaopimana urefu. Mke wa fundi pikipiki alikuwa anauma kucha. Bibi Kuan alikuwa ameletewa kiti, na kila ikiitwa saba au nne alitikisa kichwa sawasawa, bila upendeleo. Ilipoisha, tofauti kati yao katika sanduku letu ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliyechora ilimbidi arudie kuhesabu. Watu wetu walikuwa wametii mwezi wa mama. Mwalimu aliyesimamia alisema hajaona kitu kama hicho, akadhani ni kazi ya chama.

Matokeo ya eneo zima yakaja wakati wa chakula. Lanhiong, yule aliyekuwa salama, alishika nafasi ya tano. Ya mwisho ya kuingilia. Kokpin alikuwa wa sita, nyuma yake kwa kura za watu wa kujaa basi moja. Viti vingine vinne vilikwenda kwa watu wa vyama vingine.

Uchochoro ulilipua fataki. Lanhiong alikuja na buti zile zile, akaingia saluni, akainama mbele ya Siutho mpaka nywele zikagusa meza. Siutho akamwinua, akamwambia aache, aende akasimamie mashine ya pampu, na kwamba nywele zake zimepasuka ncha.

Keshokutwa yake Katibu alikuja kuchukua kizibao. Hakuketi safari hii. Alisema chama kimepata kiti kimoja badala ya viwili, na kwamba kila uchochoro ungefuata kadi, wote wawili wangeingia. Siutho akamjibu kuwa kila uchochoro ungefuata kadi, Lanhiong angekuwa wa saba, na leo Katibu angekuwa hapa anatafuta mtu mwingine wa kulaumu. Ukweli ni kwamba hakuna anayejua. Kura zikishaingia kwenye sanduku haziwezi kuulizwa zingependa kwenda wapi.

Siutho alikuwa amekifua kizibao na kukipiga pasi. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua. Nguzo si kitambaa. Wakija wazee mwakani kuuliza wapige kura wapi, watakuja hapa, kiwepo kisiwepo." Katibu alipofika mlangoni, akamwita. "Na jambo moja, Katibu. Mpwa wa mwenyekiti alipata kura yangu. Mwambie."

Katibu aligeuka. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, kicheko cha mtu aliyesikia mzaha mzuri. Akaenda zake.

Wanawake nao walicheka. Mke wa fundi pikipiki alisema Shangazi Tho angekuwa mchezaji wa tamthilia. Bibi Kuan peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Siutho kwenye kioo, kama siku ile. Na Siutho alikuwa amekwishageuka, anachanganya rangi ya mteja anayefuata, mabega yamenyooka, vidole vyeusi.

Nimemuuliza mara nyingi tangu hapo. Ananijibu kila mara kwa maneno yale yale, kwamba mama yake alikuwa anamenya balungi. Mimi najua jinsi alivyompenda Lanhiong. Najua pia maji yale ya baridi aliyomsuuzia Bibi Kuan. Na wewe unayesoma, ungesimama nyuma ya pazia lile na muhuri mkononi, pampu haina mashine, kura moja tu na siku mbili za kuzaliwa, hakuna anayekuona isipokuwa mama yako: ungezaliwa mwezi gani?